Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kutazama na Kujadili Filamu za Madubwana ya Kijapani, za Zamani na za Sasa

Huwa napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wasomaji walioamua kuunda kikundi cha kutazama filamu za Godzilla na madubwana wenzake. Kikundi huanza kwa shangwe, hupanga kutazama kila kitu kwa mfuatano wa miaka, kisha husambaratika kabla ya kufika nusu ya orodha. Wengine huanza na filamu mpya, na wakirudi kwenye za zamani hulicheka vazi la mpira kwa dakika kumi na kuzima. Wapo pia wanaotazama mpaka mwisho, lakini mjadala wao hauvuki swali la nani angempiga nani.

Mambo hayo yana sababu zake, na yote yanarekebishika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo kinachotaka kutazama kwa makini na kuzungumza kwa maana. Msingi wake ni huu: filamu ya mwaka 1954 ndiyo pekee ambayo kila mshiriki hana budi kuiona, na baada ya hiyo, filamu za zamani na za sasa zitazamwe kwa jozi badala ya kushindanishwa.

## Vitu vya kuandaa

- Watu wanne hadi wanane. Wakizidi hapo, wachache watazungumza na wengine watakaa kimya.
- Filamu sita za mzunguko wa kwanza: *Godzilla* (1954, dakika 96), *Mothra vs. Godzilla* (1964, takriban dakika 89), *Godzilla vs. Hedorah* (1971, dakika 85), *Godzilla, Mothra and King Ghidorah: Giant Monsters All-Out Attack* (2001, dakika 105), *Shin Godzilla* (2016, dakika 120) na *Godzilla Minus One* (2023, dakika 125).
- Nakala halali zenye sauti ya Kijapani na manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini. Mengi ya manukuu hayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo aliye mwepesi wa kusoma akae jirani na asiye mwepesi.
- Skrini yoyote safi na spika ya nje. Spika ni muhimu kuliko ukubwa wa skrini, na sababu yake imeelezwa katika hatua ya tatu.
- Chumba kinachoweza kutiwa giza.
- Daftari moja la kikundi na mtu mmoja wa kuliandika.

Anayenunua diski za Blu-ray kutoka Marekani akumbuke kwamba nyingi zimefungwa kwa ukanda A, yaani huchezeka tu kwenye mashine za eneo hilo, ilhali Afrika imo katika ukanda B. Hakiki mashine yako kabla ya kulipa. Seti kubwa ya kampuni ya Criterion ya mwaka 2019, yenye filamu zote 15 za kipindi cha kwanza (1954 hadi 1975), ni mfano wa diski za ukanda A.

## Hatua ya 1: Fahamuni kwamba hii si hadithi moja

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Watu huhesabu filamu 33 za Godzilla zilizotolewa na kampuni ya Toho tangu 1954 hadi 2023, wakadhani ni tamthilia ndefu ambayo ukikosa sehemu moja umepotea.

Sivyo zilivyo. Kipindi cha kwanza kina filamu 15, kuanzia 1954 hadi 1975. Cha pili kina 7, kuanzia 1984 hadi 1995, na filamu yake ya kwanza inafuata ile ya 1954 na kuzifuta nyingine zote zilizokuwa katikati. Cha tatu kina 6, kuanzia 1999 hadi 2004, ambamo karibu kila filamu inaanza upya na kujichagulia ni yapi ya nyuma yaliyotokea. Kuanzia 2016 hadi 2023 tumepata filamu mbili za waigizaji na tatu za katuni, na zile mbili za waigizaji haziendelezi hadithi ya filamu nyingine yoyote.

Kwa hiyo mlolongo unaolazimika kufuatwa ni mfupi. Filamu saba za 1984 hadi 1995 zitazamwe kwa mfuatano, kwa kuwa zinaungana. Filamu ya 2002, ambamo binadamu wanajenga roboti juu ya mifupa ya Godzilla wa 1954, ifuatiwe na ile ya 2003. Kwingineko mna uhuru mkubwa.

Onyo: Msianze na filamu za Marekani kwa kisingizio cha kuzoea. Zina kanuni zake na mwendo wake, na anayetoka huko huja akidai pambano kila baada ya dakika kumi.

Mmefaulu iwapo mshiriki mpya akiuliza, "Je, lazima nitazame zote za nyuma?" yeyote kati yenu anaweza kumjibu, "Tazama ya 1954, kisha uje."

## Hatua ya 2: Hakikini toleo kabla ya siku yenyewe

Filamu nyingi za kipindi cha kwanza zilikatwa, zikapangwa upya na kuingiziwa sauti za Kiingereza kwa ajili ya soko la Marekani. Kikundi kikitazama toleo hilo bila kujua, kitakuwa kinajadili filamu nyingine kabisa.

Filamu ya 1954 ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Toleo la Marekani la mwaka 1956 lina takriban dakika 80 na limepachikwa mwigizaji Raymond Burr akiwa mwandishi wa habari. Utalitambua mara moja, kwani linaanza na Burr akiwa amelala kwenye vifusi. Toleo la asili huanza na kishindo cha nyayo na mngurumo juu ya majina ya waigizaji, kisha linaonyesha baharia wakipumzika juu ya sitaha, mmoja akiwa na gitaa, kabla bahari haijawaka mwanga mkali.

Filamu ya 1962 inayomkutanisha Godzilla na King Kong ina dakika 97 kwa toleo la Kijapani na 91 kwa lile la Marekani. Katika seti ya Criterion niliyoitaja, toleo la Kijapani limewekwa miongoni mwa nyongeza, na asiyejua hutia diski ya filamu hiyo akatazama la Marekani. Filamu ya 1984 nayo ina dakika 103 kwa Kijapani na 87 kwa toleo la Marekani, ambamo Burr anarudi tena.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kulinganisha urefu. Hata hivyo, nakala zilizotengenezwa kwa mfumo wa televisheni wa PAL hukimbia kwa asilimia 4 hivi, kwa hiyo filamu ya dakika 96 inaweza kuonyesha dakika 92 bila kukatwa kitu. Upungufu wa dakika nne usiwatishe, ila upungufu wa dakika kumi na sita ni toleo jingine.

Angalieni pia upana wa picha. Filamu ya 1954 ina picha inayokaribia mraba na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Zile za 1962 hadi 1975 zilipigwa kwa picha pana sana, na kwenye televisheni zinapaswa kuacha ufito mweusi juu na chini. Nakala inayojaza skrini yote imekata pande, na kwenye pambano dubwana mmoja atakuwa nje ya picha.

Onyo: Baadhi ya filamu za miaka ya 1960 zilifupishwa na Toho yenyewe kwa ajili ya maonyesho ya watoto wakati wa likizo. Toleo fupi si lazima liwe la Marekani, kwa hiyo ulizeni urefu hata kama sauti ni ya Kijapani.

Mmefaulu iwapo dakika tano za mwanzo, zilizojaribiwa siku moja kabla, zina sauti ya Kijapani, manukuu yanayokwenda sambamba na midomo, na picha isiyokatwa.

Manukuu yakianza vizuri kisha yakazidi kuachana na sauti kadiri filamu inavyokwenda, tatizo ni kasi ya nakala, si faili bovu. Tafuteni manukuu ya kasi hiyo badala ya kuyasogeza kila baada ya dakika chache.

## Hatua ya 3: Tayarisheni chumba, na sauti hasa

Akira Ifukube, aliyetunga muziki wa filamu ya kwanza, alimpa dubwana uzito kwa sauti kabla halijaonekana. Mngurumo ule mashuhuri ulipatikana kwa kusugua nyuzi zilizolegezwa za fidla kubwa ya besi kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti hiyo ikachezewa kasi yake. Spika ndogo za televisheni haziwezi kutoa sauti nzito za namna hiyo. Ungeni spika ya nje, na mjaribu vishindo vya mwanzo: vinatakiwa kusikika kifuani, si masikioni peke yake.

Zimeni ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo wa picha. Televisheni nyingi za sasa huja nao ukiwa umewashwa, nao huzibunia picha za ziada kati ya picha halisi. Matokeo yake ni kwamba mji wa mfano uliotengenezwa kwa ustadi unageuka kitu cha kuchezea, na lawama anabebeshwa fundi wa 1954.

Taa zizimwe kabisa kwa filamu za nyeusi na nyeupe. Shambulio la usiku juu ya Tokyo limejaa vivuli, na mwanga wa dirishani huyafuta yote.

Wapo waliozoea kutazama filamu katika vibanda vya video, ambamo msimulizi huzungumza juu ya picha kwa Kiswahili. Ni sanaa ninayoiheshimu sana, na wasimulizi wake ni mabingwa wa kumfikishia mtu hadithi asiyoijua lugha yake. Kwa mzunguko huu, hata hivyo, sauti ya asili isifunikwe, kwa sababu katika filamu ya kwanza ukimya ni sehemu ya hadithi.

Mmefaulu iwapo mtu aliyeketi nyuma anasoma manukuu bila kujikunyata na anasikia nyayo kabla ya kuona kitu.

## Hatua ya 4: Tazameni filamu ya 1954 bila kukatiza

Kabla ya kuwasha, mmoja wenu aeleze mambo machache kwa dakika tano, si zaidi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini. Majivu yenye mionzi yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa ndani ya meli ya Daigo Fukuryu Maru. Mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo huo. Filamu ilianza kuonyeshwa nchini kote tarehe 3 Novemba. Mtazamaji wa Kijapani aliyeona meli ikimezwa na mwanga katika dakika za kwanza hakuhitaji kuambiwa kinachozungumziwa, ila mtazamaji wetu anahitaji, na bila maelezo hayo ataona tu meli inazama.

Mwongozaji Ishiro Honda aliitengeneza kama taarifa ya maafa. Godzilla mwenyewe anachelewa kuonekana, na anapojitokeza mara ya kwanza ni kichwa tu juu ya kilima cha kisiwa cha Odo. Msiwaahidi wenzenu vita, waahidini hofu.

Kuna sehemu nne ambazo mwandishi wa daftari azinukuu pale zinapopita.

Ya kwanza ni mazungumzo ya abiria ndani ya treni. Mwanamke kijana analalamika kuhusu samaki wenye mionzi na mvua yenye mionzi, halafu anasema ndiyo kwanza alinusurika Nagasaki, kwa sauti ya mtu anayezungumzia kupanda kwa nauli.

Ya pili ni mama aliyejibanza ukutani na watoto wake, moto ukiwa pande zote. Hakimbii, wala kamera haimkaribii kwa fujo. Anawaambia watoto kwamba muda si mrefu watakuwa pamoja na baba yao. Vita vilikuwa vimekwisha miaka tisa tu nyuma, na hakuna anayehitaji kueleza baba alikwenda wapi.

Ya tatu ni watangazaji walio juu ya mnara, wanaoendelea kutangaza huku dubwana likiwafikia na kuwaaga wasikilizaji. Ya nne ni hospitali ya asubuhi yake: kipimo cha mionzi kinasogezwa kwa mtoto mzimamzima, kinalia, na daktari anatikisa kichwa.

Onyo: Mtu akicheka vazi, msimkaripie, na wala msisimamishe filamu. Hicho kicheko huisha chenyewe ifikapo sehemu ya pili kati ya hizo nilizozitaja. Kukatiza ndiko kunakokifanya kionekane halali.

Baada ya filamu, ulizeni swali moja tu: mwanasayansi aliyegundua silaha inayotisha kuliko dubwana lenyewe, je, ana haki ya kuificha hata kama watu wanakufa?

Mmefaulu iwapo mabishano yanamhusu mwanasayansi huyo, Daktari Serizawa, na uamuzi wake. Mkijikuta bado mnazungumzia mpira na zipu, rudieni hatua ya tatu, kisha mtazame tena dakika ishirini za shambulio la Tokyo.

## Hatua ya 5: Jifunzeni kuisoma kazi ya mikono

Bila hatua hii, mjadala wa zamani na sasa hugeuka kuwa "hizi ni mbovu, zile ni kali". Inachukua saa moja na haihitaji filamu nzima.

Fundi wa madoido, yaani picha za hila zinazotengenezwa ili zionekane za kweli, alikuwa Eiji Tsuburaya, naye alijenga Tokyo ya mfano kwa kipimo cha 1 kwa 25. Dubwana la mita 50 kwa kipimo hicho linakuwa na mita 2, kimo cha mtu aliyevaa vazi refu. Aliyekuwa ndani yake ni Haruo Nakajima, ambaye aliendelea kumwigiza Godzilla katika filamu 12 hadi mwaka 1972. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, chini ya taa kali za studio.

Ugumu mkubwa ni wa fizikia. Kitu kinachoanguka kutoka mita 50 hutumia sekunde 3 na kidogo kufika chini, ilhali kutoka mita 2 hutumia chini ya sekunde moja. Ukipiga picha kwa kasi ya kawaida, jengo la mfano litaporomoka upesi mno na macho yatajua ni kijumba. Ndiyo maana kamera ilizungushwa kwa kasi kubwa, kisha filamu ikaonyeshwa kwa kasi ya kawaida ili vifusi vianguke kwa uzito.

Sasa fanyeni zoezi hili. Chagueni dakika tatu za shambulio la Tokyo, zimeni sauti, na kila mtu aandike anachokiona kwa kufuata maswali haya:

1. Kamera iko chini ya goti la dubwana, au juu ya mabega yake?
2. Kuna nini mbele ya picha: nyaya za umeme, paa, matawi? Vitu hivi ndivyo vinavyotupa kipimo cha ukubwa.
3. Vumbi na moshi vinaficha nini?
4. Ni picha ipi iliyokushawishi, na ipi iliyoshindwa, na kwa nini?

Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa dakika tatu za shambulio la Ginza katika filamu ya 2023. Madoido yake yalitengenezwa na wasanii 35 waliokamilisha picha 610, na mwezi Machi 2024 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya madoido, ya kwanza kwa filamu ya Kijapani katika kundi hilo. Mtagundua kwamba Takashi Yamazaki, mwongozaji aliyesimamia pia madoido yake, anatumia kompyuta kufanya yale yale: kamera ya chini, vitu vya mbele, vumbi.

Linganisheni pia vimo. Godzilla alikuwa na mita 50 mwaka 1954, akapewa 80 mwaka 1984 na 100 mwaka 1991, kwa sababu majengo ya Tokyo yalikuwa yamerefuka. Mwaka 2016 alifika mita 118.5. Mwaka 2023 alirudishwa kwenye 50.1, kwani hadithi ilirudi kwenye mji wa nyumba fupi.

Mmefaulu iwapo mshiriki anasema, kwa mfano, "Picha ya treni inashindwa kwa sababu kamera iko juu mno," badala ya kusema filamu ni ya kizamani.

## Hatua ya 6: Tazameni kwa jozi

Acheni wiki moja au mbili kati ya filamu na filamu, na msitazame filamu mbili za jozi siku moja. Mtu anayetazama saa nne mfululizo hufika kwenye mjadala akiwa amechoka na mkali.

### Jozi ya kwanza: 1954 na 2023

Zote mbili zinazungumza na watu waliotoka vitani. Ile ya 2023 inaanza mwaka 1945 katika kisiwa kile kile cha Odo, na mhusika wake, Koichi Shikishima, ni rubani aliyepaswa kufa kwa kujitoa mhanga akakwepa. Tafuteni mwangwi wa makusudi: behewa la treni mdomoni mwa Godzilla, na watangazaji wanaoendelea kutangaza kutoka mahali pa juu.

Swali la kujadili: filamu ya kwanza inauliza kama kujitoa mhanga kunaweza kuokoa nchi, ya pili inajibu nini, na je, mnakubaliana na jibu hilo? Kwa maoni yangu ndiyo jozi yenye mazungumzo marefu kuliko zote, kwa hiyo ipeni jioni nzima.

### Jozi ya pili: 1971 na 2016

Hedorah ni dubwana la uchafu wa viwanda, na filamu yake iliongozwa na Yoshimitsu Banno wakati Japani ikihangaika na moshi na maji machafu. Ina nyimbo, katuni na vifo vya kutisha ndani ya dakika 85. Kuna sehemu Godzilla anaruka angani kwa nguvu ya pumzi yake. Kikundi kitacheka, na safari hii chekeni pamoja, kisha mrudi kwenye picha za watu wanaoanguka wakikosa hewa.

Filamu ya 2016, ya Hideaki Anno na Shinji Higuchi, ilikuja miaka mitano baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Sehemu kubwa ni mikutano: mawaziri wanahama chumba hadi chumba wakati mto umejaa boti zilizopinduliwa.

Onyo: Kila ofisa anapotokea, jina na cheo chake huandikwa kwenye skrini huku mazungumzo yakikimbia. Manukuu yanabanana juu na chini. Waambieni washiriki wasijaribu kusoma vyeo, kwa kuwa wingi wake ndio ujumbe. Wasome mazungumzo.

Swali la kujadili: katika kila filamu, nani alijua mapema, na nini kilimzuia kutenda?

### Jozi ya tatu: 1964 na 2001

Katika filamu ya 1964 yai kubwa la Mothra, dubwana la umbo la nondo, linatupwa ufukweni na dhoruba, na wafanyabiashara wanalinunua ili walifanye kivutio cha kulipia. Godzilla anapotokea, Wajapani wanakwenda kuomba msaada kwa wakazi wa kisiwa cha Infant, nyumbani kwa Mothra, nao wanakataa kwa kuwa majaribio ya nyuklia yameharibu nchi yao. Hukumu ile ya wanyonge mbele ya wenye nguvu ni miongoni mwa nyakati bora za mfululizo mzima.

Ila kuna jambo ambalo halipaswi kufunikwa. Wakazi hao wameigizwa na Wajapani waliopakwa rangi mwilini na kuvishwa kama "washenzi" wa kubuni, na filamu ya 1962 inafanya hivyo kwa ubaya zaidi, ikiwapaka watu wa kisiwa cha Faro rangi ya kahawia. Mtazamaji Mwafrika ataliona hilo kabla ya kuliona dubwana. Litajeni kabla ya kuwasha filamu, na mlipe nafasi katika mjadala: filamu inawapa watu hawa hoja yenye haki kuliko wote, lakini inakataa kuwapa sura yao wenyewe. Kikundi kinachoruka suala hili hubaki na kinyongo ambacho hujitokeza baadaye kama "hizi filamu za kizamani siziwezi".

Filamu ya 2001 iliongozwa na Shusuke Kaneko. Hapa Godzilla ana macho meupe na amebeba roho za waliouawa katika vita vya Pasifiki, akirudi kwa taifa lililowasahau. Mothra na King Ghidorah, joka la vichwa vitatu lililozoeleka kuwa adui, wanakuwa walinzi wa nchi. Swali la kujadili: taifa likikataa kukumbuka, nani analipa deni?

Mmefaulu katika hatua hii iwapo mtu anataja filamu ya zamani kueleza mpya, na mwingine anataja mpya kutetea ya zamani, bila kuombwa.

## Hatua ya 7: Ongozeni mjadala kwa mpangilio

Anayeongoza abadilike kila filamu. Kazi yake si kufundisha, bali ni kulinda muda na kumwita aliyekaa kimya.

Dakika kumi za kwanza kila mtu ataje picha moja iliyombakia, bila kutoa hukumu. Hii huwazuia wenye sauti kubwa wasiamue mapema kama filamu ni nzuri. Kisha liulizwe swali la jozi, kwa nusu saa. Swali la nani angemshinda nani lipewe dakika kumi za mwisho, nalo lipewe kwa ukarimu. Ni burudani halali, na mtu akijua zamu yake ipo, haingizi swali hilo katikati ya mazungumzo ya Nagasaki.

Katazeni jambo moja: mtu kusema filamu fulani ni mbovu bila kutaja tukio mahususi.

## Hatua ya 8: Panueni orodha

Mkimaliza jozi tatu, njia ni nyingi. Mimi ningeanza na filamu tatu za Gamera za 1995, 1996 na 1999, zilizoongozwa na Kaneko huku madoido yakisimamiwa na Higuchi. Gamera, kobe mkubwa wa kampuni ya Daiei, alianza mwaka 1965 na hivi karibuni akawa kipenzi cha watoto. Mfululizo huu unamrudisha kwa watu wazima, na filamu ya 1999 inamfuata msichana aliyepoteza wazazi wake katika pambano ambalo shujaa alishinda. Nadhani vazi la mpira halijawahi kupigwa picha vizuri zaidi ya hapo.

Baada yake fuateni filamu saba za 1984 hadi 1995 kwa mfuatano. Ya mwisho inarudi kwenye silaha ya 1954, na Momoko Kochi, aliyecheza kama Emiko katika filamu ya kwanza, anaonekana tena katika nafasi hiyo hiyo miaka 41 baadaye.

Filamu ya 1969 itazameni mkiwa na watoto. Imejaa picha zilizotumika tayari katika filamu za nyuma, na mtu mzima anayeitazama peke yake hukasirika, ilhali inamhusu mtoto mpweke anayeonewa na wenzake.

Filamu za Marekani sasa zinakaribishwa, pamoja na ile ya 1998, ambayo ndiyo inayoeleza tukio fupi la Sydney katika *Godzilla: Final Wars* ya 2004, ambamo Toho inalileta dubwana la Kimarekani kwa jina la Zilla na Godzilla wa Kijapani analimaliza kwa sekunde chache. Iwekeni hiyo ya 2004 mwisho kabisa, kwa sababu ilitengenezwa kuadhimisha miaka 50 na inamwaga madubwana wa zamani kwa wingi; asiyewafahamu huona vurugu tu, anayewafahamu hushangilia kila mmoja anapoingia.